Nilikwenda Madrid nikalala saa tano usiku. Nirudi tena?

Shikamoo Bi Msafiri,

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mwaka wa pili sasa niko Leipzig, Ujerumani, kwenye mafunzo ya uuguzi. Ni Mwislamu, pombe sinywi na nguruwe sili. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiko mkasa wangu ulikotokea.

Oktoba iliyopita wenzangu wawili ninaosoma nao, mmoja Mkenya wa Kisumu na mwingine Mkameruni, walinivuta twende Madrid siku mbili. Kila mtu alituambia starehe ya usiku iko huko. Tulifika hotelini saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili na nusu njaa ikatutoa nje. Kila mkahawa tuliopita jiko limefungwa. Ukitaka kahawa au bia utapewa, chakula hakuna. Tukaishia uwanja wa Plaza Mayor, kwenye meza za nje zenye mabango ya picha za vyakula, tukaletewa wali wa manjano uliopashwa moto, yuro 19 kila sahani. Mama angeuona angeuliza kama ni wa kuku au wa watu.

Saa nne tukaenda disko. Mlango umefungwa. Baunsa alikuwa pembeni anavuta sigara, akatuonyesha kidole kimoja: saa saba. Tukasema basi, tukajinyooshe kidogo hotelini. Saa tano nilikuwa nimeshalala, na tuliamka asubuhi.

Usiku wa pili tukadakwa na wapiga debe pale uwanja wa Puerta del Sol. Vijana wanagawa vikaratasi, lipia kinywaji kimoja cha pili bure, wakatushusha kwenye baa ya chini ya ardhi. Nilikunywa soda mbili. Nilikaa mpaka saa nane nikitazama watalii wenzetu wakipiga kelele, Mhispania nilimwona mmoja tu, naye alikuwa kaunta. Bili ilipokuja tukagawana sawasawa kwa watu watatu: yuro 64 kila mmoja. Nikalipa nikanyamaza. Tulipotoka, Mkenya akajikuta hana simu. Treni zilishaisha, tukarudi kwa miguu saa nzima bila kusemeshana.

Sasa mwisho wa Juni wanarudi tena, usiku nne, kusherehekea kumaliza mitihani, na safari hii tutakuwa watano. Nilipompigia dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, aliniuliza neno moja tu: "Mwanamke wa heshima saa nane za usiku anatafuta nini barabarani kwa watu?" Nilikosa jibu. Na kusema kweli hata mimi najiuliza, mtu asiyekunywa ana biashara gani na usiku wa Madrid? Nikienda, hiyo bili nitaikwepaje bila kuonekana bahili? Nisaidie, tiketi inatakiwa kulipwa mwezi huu.

Asiyekunywa, Leipzig

*

Marahaba mwanangu. Nenda, na tiketi ikate kabla haijapanda.

Madrid mimi nimeishi miaka sita, mingi yake nikiwa jikoni kwenye mkahawa mdogo wa mtaa wa Lavapiés, kwanza kwenye sinki la vyombo, baadaye kwenye jiko lenyewe. Nilikuwa natoka kazini saa saba usiku nakuta watoto wa darasa la kwanza wanapiga mpira uwanjani, bibi zao wamekaa kwenye mabenchi wanajipepea. Siku ya kwanza nilidhani kuna msiba. Barua yako nimeisoma nikicheka, nilipofika pale pa kuamka asubuhi nikakumbuka ya kwangu, nikaacha kucheka.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo mlipopotea. Fungua nyakati za swala kwenye simu yako, angalia mwisho wa Juni. Leipzig adhuhuri inaingia kama saa saba na robo mchana. Madrid inaingia saa nane na robo na dakika zake. Saa za ukutani ni zile zile, jua ndilo linalotofautiana. Hispania iko magharibi huko, Madrid yenyewe imeshauvuka mstari wa Greenwich, lakini mwaka 1940, enzi za dikteta Franco, mishale ya saa ilisogezwa mbele ikawa sawa na ya Ujerumani, na mpaka leo haijarudishwa. Juu yake weka ile saa moja wanayoiongeza kila kiangazi. Sasa piga hesabu ya nyumbani. Tanga mwezi huo adhuhuri ni karibu saa sita na nusu. Kwa hiyo Mhispania akikaa mezani saa nane mchana, jua lake liko pale pale linapokuwa mama yako anapopakua. Akila cha usiku saa nne, kwa jua la Tanga ni saa mbili na kitu, watu wameshatoka kuswali Isha. Ninyi mlidai chakula saa kumi na mbili na nusu, ambayo kwa jua la kwetu ni alasiri, saa ya chai na mihogo. Nani angewapikia?

Hata salamu zao zinakwambia. Saa mbili za usiku mtu bado anakusalimu *buenas tardes*, jioni njema, na hatanii. Mwisho wa Juni jua linazama karibu saa nne kasorobo.

Basi ishi kwa saa yao kuanzia siku ya kwanza. Chakula kikubwa kile mchana, kati ya saa nane na saa kumi. Siku za kazi mikahawa mingi ina kitu kinaitwa *menú del día*: sahani ya kwanza, ya pili, kitinda mlo na kinywaji, kwa bei moja ambayo hutaipata usiku. Baada ya hapo jiko hufungwa mpaka kama saa mbili na nusu, na joto la mwezi huo mara nyingi linapita nyuzi 35, kwa hiyo rudini hotelini mkalale. Kulala alasiri wao hawakuonei aibu. Ukiamka saa moja ukaoga, usiku wako ndiyo kwanza unaanza, na disko unaweza usilikumbuke kabisa.

Hapo ndipo penye swali lako la asiyekunywa. Wewe usiku wa Ramadhani Ngamiani unaujua. Watu wamefuturu, wameswali, halafu hakuna anayelala. Mmoja anakwenda kwa shangazi, mwingine yuko barazani na kahawa, watoto wanakimbizana mpaka karibu na daku, mtu anaonja kaimati hapa, anaonja sambusa pale, na hakuna aliyekuuliza unakwenda wapi. Usiku wa Madrid ndio huo, ila wanaufanya mwaka mzima na kinywaji kilichoko mezani mara nyingi ni bia. Ile bia yenyewe ni ndogo, *caña*, glasi ya karibu mililita 200. Mtu anainywa amesimama kaunta, anakula kitonge kimoja, anahamia baa ya pili. Wenyeji hawapendi kumwona mtu amelewa chakari mbele za watu. Hao mliowaona wakipiga kelele kule chini walikuwa wageni kama ninyi, na wapiga debe wa Sol wanawatafuta wageni. Mwenyeji akipewa kile kikaratasi anakitupa kwenye pipa la kwanza.

Nikupangie usiku mmoja, mingine mtajipangia.

Saa tatu usiku, jua likiwa bado juu, nendeni hekalu la Debod. Ni hekalu la kale la Kimisri, kutoka Nubia, mawe halisi. Misri iliipa Hispania mwaka 1968 kama shukrani kwa msaada wa kuokoa mahekalu yaliyokuwa yafunikwe na maji ya bwawa la Aswan, likajengwa upya pale juu ya kilima na kufunguliwa 1972. Nusu ya vijana wa mji wanakaa kwenye majani kutazama jua likizama. Kiingilio cha bustani hakuna. Jua likishazama shukeni kwa miguu, mpite kasri la mfalme, mfike Cuesta de la Vega. Hapo kuna kipande cha ukuta mzee ambao watalii wengi wanaupita bila kugeuka. Wewe simama. Mji huu waliuanzisha Waislamu karne ya 9, enzi za amiri Muhammad wa Kwanza wa Córdoba, wakauita Mayrit, na huo ni ukuta wao. Kanisa kuu lililo jirani linaitwa Almudena, jina lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa hii madina yetu. Mimi niligundua mwaka wa tatu, na niliona kama nimekuwa nikipita mlangoni kwa mjomba bila kubisha hodi.

Kutoka hapo ni dakika chache mpaka La Latina, mtaa wa Cava Baja, baa moja baada ya nyingine kulia na kushoto. Itakuwa saa tano kasoro na watu ndiyo wanaingia. Msikae. Ukikaa meza ya kwanza mkaagiza kila kitu hapo, mmeshauharibu usiku na bili itawaumiza. Simameni kaunta, sahani moja au mbili za kuchangia, malizeni, hameni.

Chakula sasa, na hapa uwe macho. Nguruwe wako kila mahali na hatangazi kwamba yumo. *Croquetas*, vile vitonge vya kukaanga, mara nyingi zina *jamón*, ule mguu wa nguruwe uliokaushwa unaouona unaning'inia dukani. Dengu na njegere hupikwa na soseji zake. Usiseme "sin carne", yaani bila nyama, maana wapo wahudumu ambao *jamón* kwao haihesabiki kuwa nyama. Sema wazi: *no como cerdo*, nguruwe sili. Na kwa kuwa kuku na ng'ombe wa baa za kawaida hawajachinjwa kwa utaratibu wetu, wewe mtu wa Tanga shukuru Mungu wanakula sana vya baharini. Kamba wa kitunguu saumu, *gambas al ajillo*, wanakuja wanachemka ndani ya mafuta. Kuna dagaa wakubwa wa siki, *boquerones*. Kuna mkate wa ngisi wa kukaanga, *bocadillo de calamares*, unaouzwa vichochoroni pembezoni mwa ile Plaza Mayor mliyoliwa yuro 19. Na kuna *tortilla de patatas*. Usiniulize ni nini: ni chipsi mayai. Wanagombana wao kwa wao kama iwe na kitunguu au isiwe nacho, na wanaichukulia kama urithi wa taifa. Kula, halafu umwambie muuza chipsi wako wa Ngamiani kwamba ana ndugu Ulaya. Ukichoka kuuliza maswali, nenda Lavapiés, utakuta Wasenegali na Wabangladeshi wenye mikahawa ya halali, na salamu ya *assalaam alaikum* inafanya kazi kuliko Kihispania.

Kunywa una vingi. Omba *mosto*, juisi ya zabibu isiyochacha, inakuja na barafu na kipande cha chungwa kwenye glasi nzuri, na hakuna anayejua kama ni kitu kingine. Maji ya bomba ya Madrid ni matamu na sheria ya 2022 inazilazimu baa na mikahawa kukupa bure ukiomba, *agua del grifo*. Angalia tu *tinto de verano*, usidanganywe na malimau yaliyomo, ile ni divai.

Pesa. Yuro 64 kwa soda mbili, mwanangu, hukuwa muungwana, ulikuwa unaliwa. Lakini wenzako hawakukuibia, wewe ndiye uliyenyamaza. Wahispania wenyewe wanalo jawabu, wanaita *bote*: kundi linachanga mwanzoni, fedha sawa kwa kila mtu, mmoja anashika, kila baa analipa yeye. Ninyi fanyeni mbili. Bote ya chakula muwe wote watano. Bote ya vinywaji wachange wanaokunywa, wewe *mosto* wako ulipe mkononi. Liseme hili Leipzig, mkiwa mnakata tiketi, mkiwa na akili za mchana. Na jitolee kushika bote ya chakula wewe mwenyewe. Kati ya watu watano wewe ndiye utakayekuwa na macho makavu saa nane usiku, na mshika fedha hakuna anayemwita bahili.

Kuhusu disko, ukitaka mara moja nenda, usijinyime. Milango inafunguliwa kama saa sita au saba, watu wanajaa saa nane, wanatoka saa kumi na mbili asubuhi. Kiingilio mara nyingi kina kinywaji kimoja ndani yake na tiketi hiyo inakubali soda. Mimi nilikwenda mara mbili miaka sita, miguu ikanishinda. Fedha hiyo ningeiweka kwenye flamenko, nyimbo na ngoma zao. Ukumbi wa Corral de la Morería upo tangu 1956, bei yake si rahisi hata kidogo. Ziko nyingine ndogo za bei ya chini. Wewe uliyekulia kwenye taarabu utaielewa kabla hujaelewa neno moja, mwanamke anaimba uchungu wake mpaka unamjua mumewe. Ila usiinuke kwenda kumtunza. Hawatunzi. Na makofi waachie wenyewe, kwa sababu yale makofi ni ngoma, ukikosea unawaharibia.

Simu ya Mkenya nitaieleza kwa ufupi. Simu isikae mezani, hasa meza za nje: anakuja mtu na karatasi, anaiweka juu ya simu akijifanya anaomba msaada, akiondoka na karatasi simu imekwenda nayo. Mkoba mbele, zipu imefungwa, Sol na kwenye treni zaidi. Kadi yako ya ukaazi ya Ujerumani tembea nayo kila saa. Polisi wana haki ya kuuliza kitambulisho, na kwa niliyoyaona sisi weusi tunaulizwa kuliko wengine. Onyesha, jibu kwa upole, endelea. Pombe barabarani imekatazwa na faini zake zinauma, kwa hiyo wenzako wakitaka kukaa uwanjani na chupa za dukani, wewe usiwe karibu na hizo chupa. Dharura ni 112. Na msiachane: mkitoka watano, mrudi watano, au wawili wawili.

Nimemwacha dada yako mwisho kwa sababu ndiye mgumu. Usibishane naye. Amekulea Tanga, na kwa Tanga saa nane za usiku anayosema ni saa mbaya kweli. Hajakosa adabu kuuliza. Wewe saa sita usiku kaa benchi, uwanja wowote wa La Latina au Lavapiés, mpigie simu ya video. Usiseme neno. Mgeuzie kamera aone wale bibi wanavyojipepea, aone mama anasukuma kigari cha mtoto, aone mzee na mkewe wanagombania askrimu. Mimi hivyo ndivyo nilivyofanya kwa mama yangu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kesho hawaendi kazini?" Wanakwenda, mama. Sijui wanawezaje, lakini saa tatu asubuhi wako ofisini.

Limebaki la kurudi, ambalo lingewaokoa ile saa nzima ya miguu. Treni za chini siku nyingi zinasimama saa saba na nusu usiku, zinaanza tena saa kumi na mbili asubuhi. Katikati yake kuna mabasi ya usiku yanayotokea Plaza de Cibeles, namba zake zinaanza na N. Kama ni alfajiri na mna njaa, kabla ya basi piteni San Ginés, kichochoro cha Calle Arenal karibu na Sol, wanauza chokoleti ya moto nzito kama uji, unachovya *churros*, maandazi yao membamba marefu, tangu 1894. Au chukueni teksi: nyeupe, mstari mwekundu wa mshazari mlangoni, taa ya kijani juu ikiwaka ina nafasi.

Jambo moja tu. Yale mabasi ya usiku watu wa Madrid wanayaita *búhos*, bundi. Na wenyeji wa asili wa mji hujiita *gatos*, paka. Sasa binti wa Tanga, na mnavyosingiziwa, umeshinda usiku kucha na paka ukarudishwa na bundi. Dada ukimsimulia safari, hapo paruke.